Msaada wa mstari wa amri, OpenAPI au MCP: namna ya kuchagua mahali pa kumwelezea wakala wa akili unde zana yako

Mtengeneza programu ambaye zana yake tayari inafanya kazi, na ambaye sasa anataka itumiwe na wakala wa akili unde, ana njia tatu kubwa za kuiandikia maelezo. Anaweza kutegemea msaada unaochapishwa na zana yenyewe kwenye mstari wa amri, yaani pale kompyuta inapoendeshwa kwa amri za maandishi; anaweza kuandika faili la OpenAPI linaloeleza kila anwani ya huduma yake; au anaweza kujenga seva ya MCP (Model Context Protocol), itifaki iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, ambayo humkabidhi wakala orodha ya zana zikiwa na majina, maelezo na vigezo vyake. Kwa wakala ninakusudia programu inayotumia modeli kubwa ya lugha kuamua yenyewe hatua inayofuata, ikaita zana, ikasoma jibu, kisha ikaamua tena. Njia zote tatu zinafaa mahali pake, na mabishano mengi juu yake hutokana na watu kulinganisha miundo ya mafaili badala ya kuuliza mambo mawili yenye uzito zaidi: wakala anayasoma maelezo hayo wakati gani, na anaposoma, mikono yake imefika wapi.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitatumia kazi moja inayofahamika kwa watengenezaji programu wengi wa Kenya: kumtumia mteja ombi la malipo ya M-Pesa kwenye simu yake, lile linalomtokea kwenye kioo likimtaka aweke namba ya siri, ambalo wengi huliita STK Push. API yake, yaani njia ambayo programu nyingine hutumia kuiagiza kazi hiyo, imo katika Daraja, jukwaa la Safaricom la watengenezaji programu. Tuchukulie kwamba duka limeandika zana yake ndogo juu ya API hiyo, tuiite `lipa`, na linataka wakala anayehudumia wateja aitumie kudai ankara.

Kazi hii ina mtego unaoonyesha vizuri kwa nini maelezo yana uzito. Ombi likipokelewa salama, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode yenye thamani 0. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limekubaliwa ili lishughulikiwe. Mteja bado hajaweka namba ya siri, na pengine ujumbe haujafika hata kwenye simu yake. Matokeo halisi hufika baadaye, katika anwani iliyotajwa kwenye CallBackURL, yakiwa na namba nyingine iitwayo ResultCode: 0 ikiwa pesa imelipwa, 1 ikiwa salio halikutosha, 1032 ikiwa mteja ameghairi, 1037 ikiwa simu haikupatikana au muda umekwisha bila jibu. Mtengeneza programu husoma jambo hili mara moja, akalikosea mara moja, na halisahau tena. Wakala hulikuta upya katika kila mazungumzo, na kama maelezo hayakusema waziwazi, atamwambia mteja kwamba malipo yamepokelewa, kwa uhakika uleule anaoutumia anaposema jambo la kweli.

Hapo ndipo maelezo ya wakala yanapotofautiana na yale ya binadamu. Binadamu akiona pengo huuliza mwenzake au huacha. Wakala hulijaza pengo hilo kwa kile kinachoonekana kuwa cha kawaida. Binadamu huruka ukurasa asiouhitaji bila gharama. Kwa wakala, kila sentensi iliyowekwa mbele yake huchukua nafasi katika dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukishika kwa mara moja, hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, na hushindana na sentensi nyingine kuvuta uangalifu wa modeli. Kwa hiyo maelezo mafupi mno humpoteza, na maelezo marefu mno humpoteza kwa njia nyingine.

Msaada wa mstari wa amri

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote. Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitolewa Novemba 1971, na umbo la kurasa zake, yaani jina, muhtasari wa matumizi, ufafanuzi, kisha kasoro zinazojulikana, bado linaonekana katika mfumo wowote wa Linux leo. Kanuni za uandishi wa programu za GNU zinataka kila programu ikubali `--help` na `--version`. Wakala anayeweza kuendesha amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, anajua desturi hii barabara, kwa sababu modeli zilifunzwa kwa wingi wa maandishi yanayoitumia, na mara nyingi jambo la kwanza analofanya akikutana na amri asiyoijua ni kuandika `--help`.

Faida yake kubwa ni kwamba maelezo hayasomwi mpaka yanapohitajika. Zana mia moja zinaweza kuwapo kwenye kompyuta bila kuchukua hata tokeni moja, hadi wakala aulize. Tena msaada huweza kugawanywa kwa ngazi: `git commit -h` hutoa orodha fupi ya chaguo, ilhali `git commit --help` hufungua ukurasa mzima wa mwongozo. ffmpeg, zana ya kuchakata video na sauti, nayo hutofautisha `-h`, `-h long` na `-h full`, na yeyote aliyewahi kuomba ule wa mwisho anajua kwa nini ngazi hizo zipo. Faida ya pili ni kwamba msaada husafiri pamoja na programu yenyewe. Toleo likibadilika, maelezo yanabadilika nalo, kwa hiyo wakala hasomi ukurasa wa mwaka juzi akitumia programu ya leo.

Msaada wa amri yetu ungeweza kuwa hivi:

```
lipa omba: tuma ombi la malipo ya M-Pesa kwenye simu ya mteja.
Ombi kupokelewa si malipo. Tumia "lipa hali" kupata matokeo.

  --simu     tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya +
  --kiasi    shilingi za Kenya, namba kamili, bila senti
  --rejea    namba ya ankara, isiyozidi herufi 12
  --jaribio  onyesha ombi bila kulituma

Mfano:
  lipa omba --simu 2547XXXXXXXX --kiasi 1500 --rejea ANKARA-118

Hutoka na 0 ombi likipokelewa. 2 kigezo kikikosewa, usirudie
kabla ya kurekebisha. 3 mtandao ukikatika katikati, angalia
"lipa hali" kwanza kwa sababu ombi huenda limefika.
```

Mistari ile mitatu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, ingawa ndiyo inayokosekana katika misaada mingi niliyoisoma. Wakala akipata kosa huwa na mwelekeo wa kujaribu tena, na katika kazi ya malipo kujaribu tena kunaweza kumaanisha mteja mmoja kuombwa pesa mara mbili. Mfano uliokamilika nao hufanya kazi kubwa kuliko aya nzima ya ufafanuzi, kwa kuwa wakala huuiga moja kwa moja, mpaka kwenye mpangilio wa vigezo.

Ila mfano huohuo unaonyesha kasoro ambayo maandishi hayawezi kuiponya vizuri. Katika Unix, programu kutoka na sifuri, yaani kumaliza ikiacha namba 0 kama ishara ya mwisho, ni kufanikiwa, na modeli inalijua hilo kuliko inavyoijua zana yako. Kuandika kwamba hapa sifuri si mafanikio kamili ni kupingana na desturi ya miaka zaidi ya 50. Ni afadhali amri iwe na chaguo la `--subiri` linalongoja matokeo na kutoka na sifuri pale tu pesa inapolipwa, na chaguo hilo liwe ndilo la kawaida. Kwa jumla, zana inayohitaji onyo kali inafaa kwanza ichunguzwe kama haiwezi kubadilishwa ili onyo lenyewe lisihitajike.

Upungufu wa njia hii uko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba wakala lazima ajue kuwa amri ipo. `git` na `curl` hazihitaji kutambulishwa. `Lipa` haijulikani na modeli yoyote, na isipotajwa mahali wakala anapopaona, atajiandikia msimbo wake mwenyewe wa kuita Daraja moja kwa moja. La pili ni zito zaidi: wakala mwenye terminali ana mikono mirefu. Anaweza kusoma faili la mipangilio lenye funguo za siri za duka, anaweza kuzichapisha katika kumbukumbu za mazungumzo, na hakuna sentensi ya msaada inayoweza kumzuia kwa hakika. Maelezo humshauri tu. Ulinzi lazima utoke kwingine. (Kuna na kero ndogo ambayo huwakwamisha mawakala mara kwa mara: amri inayouliza "una uhakika?" na kungoja herufi ichapwe, au inayofungua jibu refu katika kisomaji cha kurasa. Toa chaguo la kuziruka zote mbili, na ulitaje.)

OpenAPI

OpenAPI ilianza kwa jina la Swagger, ikakabidhiwa chini ya Linux Foundation mwaka 2015, na toleo lake la 3.1 la mwaka 2021 liliifungamanisha na JSON Schema, lugha ileile ambayo sasa hutumika kueleza vigezo vya zana katika mifumo karibu yote ya mawakala. Ni faili moja, la JSON au YAML (miundo miwili ya kuandika data), linaloorodhesha anwani za huduma, kile kila anwani inachopokea na kile inachorudisha. Ikiwa huduma yako inapokea maombi ya HTTP, kuna uwezekano tayari unalo. FastAPI, kwa mfano, hulizalisha yenyewe kutoka kwenye msimbo wa Python, na maneno uliyoyaandika chini ya jina la funksheni ndiyo yanayogeuka kuwa ufafanuzi wa anwani hiyo.

Kwa usahihi wa maumbo, hakuna njia nyingine kati ya hizi iliyokomaa kama hii. Skima, yaani maelezo ya umbo la data inayokubalika, inaweza kusema kwamba `simu` lazima ilingane na mpangilio wa 254 na tarakimu tisa, kwamba `kiasi` ni namba kamili isiyopungua 1, na seva ikakataa ombi lolote lisilofuata. Msaada wa amri husema hayo kwa maneno. OpenAPI huyasema kwa namna ambayo mashine inaweza kuyakagua kabla ombi halijaondoka.

Tatizo ni kwamba faili hili liliandikwa kwa ajili ya wasomaji wengine: programu zinazozalisha msimbo wa wateja, na binadamu anayetafuta anwani moja katika ukurasa wenye rangi. Sehemu za `summary` na `description` za kila operesheni si za lazima, na kwa sababu si za lazima, katika mafaili mengi zimeachwa tupu au zimejazwa maneno yanayorudia jina la anwani. Ukubwa nao ni kikwazo. Faili la OpenAPI la GitHub lina ukubwa wa megabaiti kadhaa, na haliwezi kuwekwa mbele ya wakala lilivyo. Lazima kitu fulani kichague sehemu chache, na kitu hicho ndicho kinachogeuka kuwa zana halisi ya wakala.

Historia fupi inasaidia hapa. Mwezi Machi 2023 OpenAI ilipotangaza programu-jalizi za ChatGPT, ilitumia mafaili ya OpenAPI kama maelezo ya modeli, yakitanguliwa na faili dogo lenye sehemu mbili tofauti, `description_for_human` na `description_for_model`. Mpango wenyewe ulifungwa mwaka uliofuata, lakini utenganisho ule wa maelezo ya mtu na maelezo ya modeli ulikuwa wa busara, na ni hasara kwamba haukuingia katika OpenAPI yenyewe. Sentensi inayomvutia mnunuzi, kama vile "pokea malipo kwa urahisi popote ulipo", haimwambii wakala lolote, na kwa kweli humdhuru, kwa kuwa inamfanya afikiri kwamba zana hii ndiyo jibu la kila jambo linalohusu pesa.

Kosa ninaloliona sana kuliko mengine katika njia hii ni kuigeuza kila anwani kuwa zana moja ya wakala. Katika kazi yetu kuna anwani ya kuomba tokeni ya kuingilia (hii ni kibali cha muda, si zile tokeni za modeli), ambayo hukoma baada ya takriban saa moja, anwani ya kutuma ombi, na anwani ya kuuliza hali ya ombi kwa kutumia CheckoutRequestID. Kwa mtengeneza programu, anwani tatu ni mgawanyo mzuri. Kwa wakala, kazi ni moja: mteja fulani adaiwe kiasi fulani, na matokeo yajulikane. Ukimpa vipande vitatu utalazimika kumweleza utaratibu wa kuviunganisha, na utaratibu huo hauna mahali pa asili pa kukaa ndani ya OpenAPI. Utaishia kuutawanya katika ufafanuzi wa anwani tatu, ukitumaini kwamba atazisoma zote kabla ya kuanza.

MCP

MCP iliundwa tangu mwanzo kwa msomaji aliye modeli. Wakala huunganishwa na seva, ama kwenye kompyuta hiyohiyo ama kupitia mtandao. Huomba orodha kwa `tools/list`. Hupewa kwa kila zana jina, ufafanuzi na skima ya vigezo. Kisha huita kwa `tools/call`. Seva ndiyo inayoshika funguo za siri, ndiyo inayozungumza na Daraja, na ndiyo inayoamua wakala aone nini. Kwa zana ya malipo, hoja hii peke yake inatosha kunifanya niichague, hata kama hakuna jingine lililo bora ndani yake: wakala asiyekuwa na njia ya kufikia funguo hawezi kuzivujisha, hata akidanganywa na ujumbe wa mteja mwenye hila.

Ufafanuzi wa zana yetu katika seva ya MCP ungeweza kusomeka hivi:

```
dai_malipo
Humtumia mteja mmoja ombi la malipo ya M-Pesa na kungoja hadi
alipe, aghairi, au muda uishe. Tumia pale tu mteja alipokwisha
kukubali kiasi katika mazungumzo haya. Usitumie kurudisha pesa
wala kuangalia malipo ya zamani. Kwa hayo tumia tafuta_malipo.
Hurudisha hali: "imelipwa", "imeghairiwa", "salio_halitoshi" au
"haijulikani". Ikiwa "haijulikani", usiite tena, tumia
tafuta_malipo kwa rejea ileile.
```

Ulinganishe na msaada wa amri uliotangulia. Ule ulieleza namna ya kuita. Huu unaeleza wakati wa kuita na wakati wa kutoita. Tofauti hiyo inatokana na wakati wa kusomwa. Msaada wa amri husomwa na wakala aliyekwisha kuamua kutumia `lipa`, ilhali ufafanuzi wa MCP uko mbele yake tangu mazungumzo yanapoanza, na ndio unaotumika kuamua ni zana ipi ichukuliwe. Namna ya kuita inabebwa na skima, hivyo hakuna haja ya kuirudia kwa maneno. Namba za ResultCode nazo hazionekani tena; seva imezigeuza kuwa maneno ambayo wakala anaweza kumweleza mteja bila kukisia.

Kuhusu makosa, MCP ina utaratibu ambao wengi huupuuza. Kuna makosa ya itifaki, kama kuita zana isiyokuwapo, na kuna makosa ya kazi yenyewe, ambayo yanapaswa kurudishwa ndani ya jibu la kawaida yakiwa na alama ya `isError`, ili modeli iyasome na kujirekebisha. Ujumbe kama "namba ya simu ianze na 254, umeandika 07" ni maelezo ya zana sawa na ufafanuzi wa mwanzo, ila tu umefika wakati ule hasa unapohitajika. Ninadiriki kusema kwamba ujumbe mzuri wa kosa huokoa zaidi ya nusu ya ukurasa wa mwongozo, katika njia yoyote kati ya hizi tatu.

Gharama ya MCP ni upande wa pili wa faida yake. Kwa kuwa orodha huwekwa mbele ya modeli tangu mwanzo, wakala aliyeunganishwa na seva tano zenye zana makumi hutumia sehemu kubwa ya muktadha wake kabla mteja hajasema neno. Zana zenye majina yanayokaribiana, kama `tafuta`, `pata` na `angalia`, humchanganya vibaya. Baadhi ya programu za mawakala sasa hupakia maelezo kidogokidogo kulingana na haja, lakini si busara kutegemea kwamba ya mtumiaji wako hufanya hivyo. Zana tatu zilizoelezwa vizuri hushinda ishirini zilizozalishwa kwa mashine kutoka faili la OpenAPI.

Kuna na suala la uaminifu. Ufafanuzi unaoingia moja kwa moja katika muktadha ni, kwa vitendo, maagizo kwa modeli, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo sentensi inayomwagiza wakala asome mafaili ya siri na kuyatuma kwingine. Watafiti wa Invariant Labs walieleza shambulio la aina hiyo mwezi Aprili 2025. Itifaki yenyewe inaonya kwamba hata alama kama `readOnlyHint` na `destructiveHint`, zinazodai kuwa zana husoma tu au huharibu, zisiaminiwe isipokuwa zimetoka kwenye seva inayoaminika. Msaada wa amri nao unaweza kutiwa sumu, lakini angalau wakala huusoma pale anapouomba.

Mafaili yanayosindikiza

AGENTS.md, iliyoenea mwaka 2025, ni faili la kawaida la Markdown (maandishi yenye alama nyepesi za mpangilio) linalowekwa katika shina la hazina ya msimbo, yaani folda kuu ya mradi, likimweleza wakala namna ya kujenga mradi, kuendesha majaribio na desturi za kufuatwa. Pakiwa na mafaili kadhaa katika folda tofauti, lililo karibu zaidi na msimbo unaohaririwa ndilo linalotangulia. Halichukui nafasi ya njia yoyote kati ya zile tatu, bali linaziba lile pengo la mstari wa amri: sentensi moja inayosema "kwa malipo tumia `lipa`, anza na `lipa --help`" inatosha. Llms.txt, pendekezo la Jeremy Howard la Septemba 2024, ni orodha ya viungo vya Markdown kwenye tovuti yenye nyaraka nyingi, nayo inafaa zaidi kwa maktaba za msimbo kuliko kwa zana ya kuitwa. Skills, ambazo Anthropic ilizitoa Oktoba 2025, ni folda zenye faili la SKILL.md ambalo jina na ufafanuzi wake mfupi tu ndivyo huonekana mwanzoni, na mengine hufunguliwa yakihitajika. Hapo ndipo pa kuweka utaratibu mrefu, kwa mfano hatua za kusuluhisha malipo yaliyokwama kati ya duka na benki.

Lugha ya maelezo

Swali hili huulizwa sana na watengenezaji programu wetu, na jibu langu si la upande mmoja. Modeli nyingi hukata maneno ya Kiswahili katika tokeni nyingi zaidi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo ufafanuzi uliomo katika muktadha wakati wote hugharimu zaidi ukiandikwa kwa Kiswahili, na wakala anaweza kabisa kusoma maelezo ya Kiingereza kisha akazungumza na mteja kwa Kiswahili. Hata hivyo, maneno ambayo wateja wenyewe hutumia lazima yawemo jinsi yalivyo. Mteja wa Nairobi atasema "paybill" au "till". Wa Dar es Salaam atasema "lipa namba". Na wakala asiyeyaona maneno hayo katika ufafanuzi anaweza asitambue kwamba zana iliyo mbele yake ndiyo inayohusika. Hali zinazorudishwa, ambazo mara nyingi humfikia mteja karibu neno kwa neno, ningeziandika kwa Kiswahili.

Ipi kwa nani

Ikiwa zana yako ni ya watengenezaji programu, na wakala wao tayari ana terminali, andika msaada mzuri wa amri, ongeza mstari mmoja katika AGENTS.md, na uishie hapo. Kujenga seva ya MCP juu ya amri inayofanya kazi ni kuongeza kitu cha kutunzwa bila kumwongezea wakala uwezo.

Ikiwa una huduma ya HTTP inayotumiwa na watu wa nje usiowajua, OpenAPI ni deni unalodaiwa hata bila habari ya mawakala. Jaza sehemu za ufafanuzi, zipe operesheni majina yanayoeleweka, eleza kila jibu la kosa, na uwaachie wengine wajenge zana zao juu yake. Usidhani tu kwamba faili hilo, kwa ukamilifu wake, limekwisha kuwa maelezo ya wakala.

Ikiwa wakala hana terminali, au akiwa nayo hupendi aguse kila kitu, au kazi inahusu pesa, rekodi za wagonjwa au ujumbe unaotumwa kwa watu, jenga seva ya MCP yenye zana chache zinazolingana na kazi badala ya anwani. Duka letu la mfano liko hapa. Ningelishauri zana mbili tu, `dai_malipo` na `tafuta_malipo`, kiwango cha juu cha kiasi kikiwa kimewekwa ndani ya seva na si katika sentensi ya ufafanuzi, na funguo za Daraja zikiwa mahali ambapo wakala hana njia ya kufika.

Kabla ya kuamua kwa yakini, jaribu. Mpe wakala maelezo hayo na kazi halisi ya mteja, bila kidokezo kingine chochote, katika mazingira ya majaribio ambayo Daraja inayatoa, kisha usome wito wake wa kwanza wa zana. Kigezo alichokikisia ni sentensi unayodaiwa. Zana aliyoiacha ilhali ilihitajika ina ufafanuzi usiosema inatumika lini, na aliyoiita bila sababu ina ufafanuzi unaoahidi mengi mno. Rudia jaribio hilo kwa modeli ndogo na ya bei nafuu pia, kwa sababu modeli kubwa husamehe maandishi mabovu kwa kukisia vizuri, na mwenye duka, akishaona ankara ya mwezi, ataihamia ile ndogo.